Majike Kumi na Wanne wa Papa Anselme

Mkiingia chumba cha samaki asubuhi, msiwashe taa upesi. Fungueni mlango, simameni, mwache masikio yatangulie. Chumba chenye afya kina sauti moja tu, ya mapovu yanayopanda na kupasuka, na ukiisikiliza kwa muda utahisi kana kwamba sakafu yenyewe inaelea. Chujio lililoziba huibadilisha sauti hiyo kabla maji hayajabadilika rangi. Kisha pua ifuate: maji mazuri hunukia kama udongo ulionyeshewa, na maji mabaya hayahitaji maelezo. Taa ije mwisho kabisa. Samaki aliyeshtuliwa na taa huruka, na nimewaokota sakafuni wengi waliokauka kama majani ya chai kwa sababu ya mtu mwenye haraka. Mtu huyo, mara mbili, alikuwa mimi.

Ninyi mnaoanza kufuga mmeniuliza kwa nini sisi tuliostaafu tunagombana sana kuhusu samaki mahuluti, yaani wale ambao baba ni wa aina moja na mama ni wa aina nyingine. Jibu refu lipo vitabuni. Jibu langu ni fupi zaidi, lakini linanihusu, na kwa miaka mingi nimelikwepa kwa kuwafundisha watu habari za machujio.

Nilifika Maryland katikati ya miaka ya tisini kusomea shahada ya juu ya elimu ya samaki. Mwaka wa tatu nilisimama mbele ya wakaguzi wanne kulitetea pendekezo langu la utafiti, na mmoja wao, mtu mpole mwenye koti la kahawia, akaniuliza swali la neno moja: unajuaje? Nilifungua kinywa. Nilikuwa na majibu matatu, na kila moja lilikuwa na kasoro ambayo niliiona kabla sijalitamka. Nilisimama hivyo mpaka wakaniambia nikae. Tangu siku hiyo nilianza kuhesabu ngazi nilizopanda na kurudi kuhakikisha kama nimefunga mlango. Na kwa kuwa kodi ya chumba haikujua habari za wakaguzi, niliacha chuo, nikaenda kuomba kazi katika duka la samaki la Bwana Hafidh, huko Lanham.

Bwana Hafidh alikuwa mtu wa Mombasa, mnene, mwenye mikono myepesi kuliko yoyote niliyopata kuiona. Yeye ndiye aliyenifundisha kumkamata samaki kwa nyavu mbili: mmoja unasimama kimya kwenye kona, wa pili unamsogeza taratibu mpaka aingie mwenyewe katika ule wa kwanza. "Usimfukuze," alikuwa akisema. "Mwoneshe njia. Ukimfukuza mtachoka nyote wawili, na yeye ndiye atakayekufa." Aliniita Profesa, na hakuwahi kuniita vingine, hata aliponituma kufagia.

Nyuma ya duka, jirani na choo, alikuwa na tangi moja kubwa la samaki wa rangi ya chungwa wenye madoa ya buluu, ambao kila mteja alisimama kuwatazama. Siku moja akaingia Papa Anselme, fundi wa lifti, mzaliwa wa Uvira, ambaye nyumba yake ilikuwa Bowie na sifa yake ilikuwa imefika kabla yake. Akainama mbele ya tangi lile kwa muda mrefu.

"Huyu jina lake nani?"

"Huyu aitwa Mzuri," akasema Bwana Hafidh.

"Na kwao iko wapi?"

"Kwao Lanham. Kazaliwa papo hapo ulipoegemea."

"Bwana Hafidh, unachanganya vitu ya Mungu."

"Mungu kawapa mapezi, wakakutana. Mimi nimewapa maji tu."

"Bon. Uza. Lakini andika. Siku moja mutu atanunua huyu, atamuzalisha, ataandika jina ya uongo juu ya kioo, na ile jina ya kweli itakufa. Samaki hatasema."

"Samaki hasemi kwa sababu hana shida," akajibu Bwana Hafidh. "Wewe ndiye mwenye shida. Wewe mtu wa Uvira, una ziwa lenu zima, maji kama kioo, na samaki wake maridadi, halafu wafuga furu! Profesa, kwenu Mwanza furu si wa kukaanga?"

Nikasema ndiyo, ni wa kukaanga, na wa kuanika pia. Papa Anselme akanigeukia kwa mara ya kwanza.

"Ya kwetu bado iko ndani ya ziwa. Mi nikirudi kesho, nitaikuta. Hii ya dada, akirudi, atakuta nini?"

Nilipokuwa mdogo furu, visamaki vya ziwa letu la Mwanza, walijaa sahani. Nilipomaliza sekondari, sangara, samaki mkubwa aliyeletwa ziwani kutoka mbali, alikuwa amewala karibu wote, na mama yangu alikuwa akiwataja kama mtu anavyowataja majirani waliohama. Papa Anselme akaniandikia anwani yake nyuma ya risiti.

Ndivyo nilivyoingia katika besmenti yake, chumba cha chini ya nyumba, kule Bowie. Nje kulikuwa na theluji, barabara yote imenyamaza, na chini kule matangi kumi na mawili yaliwaka kijani kibichi kama madirisha ya nyumba ambayo watu wake hawana habari kwamba unawachungulia. Katika matangi mawili ya mwisho, moja juu ya jingine katika kabati moja la chuma, waliishi furu wa Ghuba ya Mwanza. Tangi la juu lilikuwa na aina ambayo madume wake wana mgongo mwekundu, mwekundu kama pilipili iliyokaukia mtini. La chini lilikuwa na aina nyingine, madume wake buluu ya mwisho kabisa, ile inayobaki mbinguni dakika chache baada ya jua kuzama. Nilikuwa nimewala mamia yao. Sikuwa nimewahi kuwaona wakiwa hai, wamenyoosha mapezi, wakitetemeka mbele ya wake zao. Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa mpaka miguu ikafa ganzi, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi sikuhesabu chochote.

Aliwapata kutoka kwa mfugaji mmoja mzee aliyekuwa anahama, na kwa kadiri alivyojua yeye, hapakuwa na mwingine upande huu wa nchi mwenye aina hizo mbili pamoja na jina la mahali walipovuliwa. Jina hilo la mahali ndilo alilolilinda. Bila hilo, alisema, una samaki mzuri tu, kama wale wa Hafidh.

Sasa nieleze kosa lenyewe, nanyi mlisikilize, kwa kuwa ni kosa ambalo mtu mzembe hawezi kulifanya. Linahitaji mtu mwangalifu.

Papa Anselme alisafiri wiki tatu kwenda Montréal kwenye harusi ya mpwa wake, akaniachia ufunguo. Siku ya kumi na moja nilikuta zulia limelowa: tangi la chini lilikuwa limeachia gundi kwenye kona, na ili kulitoa ilinibidi kuliondoa lile la juu pia. Palikuwa na ndoo mbili kubwa tu zilizo safi. Nikafikiri. Nilifikiri vizuri mno. Katika ndoo isiyo na mawe ya kujificha, dume wa furu humsumbua jike mpaka amchane mapezi. Nilikwisha kuona jike akifa hivyo dukani. Kwa hiyo, ili kuwalinda, niliwatenga kwa jinsia: madume wote ndoo moja, nikiwa nimewawekea vipande vya mabomba wajifiche, na majike wote kumi na wanne ndoo nyingine, wametulia, salama. Nilijipongeza. Nikapaka gundi, nikasubiri ikauke, nikajaza maji upya, nikawarudisha madume, wekundu juu, buluu chini, mtoto mdogo angeweza kuwatambua. Ndipo nilipoinama na wavu juu ya ndoo ya pili.

Majike wa furu ni wa rangi ya kijivu chenye umanjano. Wa juu ni wa kijivu chenye umanjano. Wa chini pia.

Daftari la Papa Anselme lilisema: majike wanane wa wekundu, sita wa buluu. Nilikaa pale kuanzia asubuhi hadi alasiri na bilauri, rula na karatasi. Nilipima urefu, upana wa jicho, nafasi kati ya mistari. Nilitengeneza jedwali ambalo wale wakaguzi wanne wangelipitisha bila swali, na halikuwa na maana yoyote, kwa maana nilijua namna ya kupima bila kujua nilichokuwa nikikipima. Mwishowe niliwagawa wanane na sita kwa mujibu wa jedwali. Papa Anselme aliporudi na kisanduku cha halua za harusi, aliniuliza, "Wote wazima?" Nikamjibu, "Wote wazima." Kila neno lilikuwa kweli.

Mnajua kwamba jike wa furu huyachukua mayai kinywani na kuyalea humo zaidi ya wiki mbili bila kula. Ndani ya mwezi mmoja majike watano walikuwa wamevimba mashavu, na Papa Anselme alikuwa akinipigia simu kila Jumamosi kunihesabia vinywa. Nilijiambia huenda niligawa sawasawa. Nilipiga hesabu za uwezekano kwenye basi, kwenye bahasha, kwenye kiganja. Hesabu hazikuwahi kunipa jibu nililolitaka, nami sikuacha kuzipiga. Vifaranga wakakua. Papa Anselme akawaahidi wenzake wa chama cha wafugaji samaki kwamba kwenye siku ya kubadilishana samaki, katika ukumbi wa kanisa kule Temple Hills, atawagawia, ili furu hao wakae katika nyumba nyingi, asije yeye akafa nao.

Siku hiyo nilikaa kando yake ndani ya gari, nikiwa nimepakata sanduku la kuhifadhia joto lenye mifuko ishirini ya samaki. Juu ya kila mfuko aliandika kwa mkono wake mwenyewe: Furu, Ghuba ya Mwanza. Kwenye barabara ya mzunguko magari yalikuwa yamesimama, na katika utulivu ule niliwasikia samaki wakigusa plastiki, mguso mdogo mdogo, kama mvua inayokusudia kuanza.

"Papa Anselme, kuna jambo."

Nikamweleza kuhusu gundi, ndoo na jedwali.

"Ulitenga kwa jinsia," akasema mwishowe.

"Ndiyo. Ili majike wasiumizwe."

"Ili majike wasiumizwe. Na ukanyamaza miezi ine."

"Mitatu na siku tisa."

"Usinihesabie, dada."

Magari yakasogea. Alichepuka kwenye njia ya kutokea ya kwanza tuliyoifikia, akazunguka, akanirudisha hadi mlangoni pa duka, akalichukua sanduku kutoka mapajani mwangu, akaliweka kwenye kiti na kulifunga mkanda. Kisha akaenda zake Bowie. Ukumbini Temple Hills meza yake ilikaa tupu, na watu, niliambiwa, walidhani amefiwa.

Kwa wiki tatu hakupokea simu yangu. Bwana Hafidh alipoipata habari alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka.

"Nimpe tangi mimi. Hao vifaranga waje hapa, niwauze na nafsi yangu safi, niandike hawana jina."

"Na atakayewanunua akija kuwazalisha?"

"Hapo mimi simo tena."

"Hapo ndipo anapogomba Papa Anselme."

Akalifuta tangi moja lililokuwa tayari safi. "Nenda kwake, Profesa. Mtu hapatanishwi kwa simu. Ila usiende na mkono mtupu, na usimpelekee keki."

Nilimpelekea kipande cha wavu wa plastiki. Katika makala nilizokuwa nimezikimbia pamoja na chuo kulikuwa na wazo ambalo hadi leo ndilo zuri kuliko yote niliyosoma kuhusu samaki: kwamba jike wa furu humtambua dume wa kwao kwa rangi. Katika tangi lenye dume wa aina moja tu hana wa kumchagua, humpokea aliyepo, na hivyo ndivyo mahuluti wanavyozaliwa majumbani mwetu. Lakini mpe wawili, na mwanga wa kutosha, atamwendea wa kwao. Tangi moja refu, vyumba vitatu. Wavu wenye matundu ambayo jike, kwa udogo wake, hupita, na dume, kwa ukubwa wake, hapiti. Mwekundu kushoto. Buluu kulia. Jike katikati.

Papa Anselme alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, mkono kwenye kitasa.

"Kitabu inasema vile?"

"Inasema. Lakini sina hakika."

"Na wewe ulikuwa na hakika siku gani?" Akasogea kando. "Ingia. Vua viatu."

Majike wote walikaa tangi la peke yao, na tukawajaribu mmoja mmoja, kila mmoja siku kadhaa, kila mmoja mara tatu, madume wakibadilishiwa upande ili isiwe ni mazoea ya kona. Iliendelea hadi majira ya joto. Nilikwenda kila Jumamosi na kila Jumapili baada ya kanisa. Kazi yenyewe haikuwa kazi: ni kukaa kimya mbele ya maji. Jike anaelea katikati, kijivu, kama wazo ambalo mtu hajaliamua bado. Mwekundu anatetemeka. Buluu anatetemeka. Jike hatazami popote. Saa nzima inapita, mwanga unacheza darini, unasahau uko nchi gani. Halafu unaona, bila kuona alipoanza, kwamba ameshapita kwenye tundu na yuko upande wa pili. "Huyu ya juu," Papa Anselme ananong'ona, nami naandika.

Vifaranga wenye shaka aliwaweka tangi kubwa karibu na ngazi. Hakumpa Bwana Hafidh na hakuwaua. Walipokomaa, tuliona. Baadhi walikuwa wekundu na baadhi buluu, lakini wachache walikuwa na wekundu unaoyeyuka kuwa buluu kuanzia bega hadi mkia, pasipo mpaka unaoweza kuuonesha kwa kidole. Sijaona samaki mzuri kuwashinda hao, na nasema hivyo kama mtu aliyesababisha wazaliwe kwa kosa. Papa Anselme aliwalisha kwanza kila siku, kabla ya wengine wote.

Grace, binti yake wa miaka kumi na saba, ambaye mama yake ni Mghana, alishuka siku moja akatukuta tukibishana kama samaki hao waitwe chotara. Alielewa Kiswahili chetu chote, akajibu kwa Kiingereza kama kawaida yake: mama ni wa Kumasi, baba wa Uvira, yeye ni wa Bowie, je, na yeye atatafutiwa tangi karibu na ngazi?

"Wewe si samaki," akasema baba yake. "Na chumba chako iko muchafu kuliko yao."

Maneno ya binti huyo nilitembea nayo wiki nzima. Jumamosi iliyofuata nilimweleza, kwa utaratibu, kwamba mtu anaweza kusema mwenyewe anakotoka, na akikosewa atamsahihisha mkosaji, lakini samaki aliye mbali na ziwa lake hana pa kuandikwa isipokuwa katika mwandiko wetu, na kwamba ubaya haumo katika kuchanganyika kwao bali katika karatasi inayodanganya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada Leokadia," akasema, kwa Kiswahili safari hii, "nilikuwa natania."

Majike kumi na mmoja walichagua upande uleule mara zote tatu: sita kwa wekundu, watano kwa buluu. Watatu walikwenda huku, wakarudi huku. Nikasema tuwajaribu wote tena, mara tatu nyingine, kwa kuwa mara tatu hazitoshi kumthibitishia mtu yeyote. Papa Anselme akafunga daftari.

"Kumi na moja wamesema. Hawa tatu hawataki kusema. Waache wakae pamoja, bila bwana, wazeeke muzuri." Kisha akanisukumia kalamu. "Karatasi ya mifuko, andika wewe."

"Niandike nini?"

"Ile unajua. Na ile haujui."

Vifaranga wapya wa majike wale kumi na mmoja walipofikia ukubwa wa kusafiri tulikwenda Temple Hills. Kwenye kila mfuko nilikuwa nimeandika aina na mahali, na chini yake, kwa herufi ndogo ili zienee, kwamba mama wa samaki hawa walichanganywa kwa kosa la mtunzaji, wakatenganishwa tena kwa kuachiwa wachague madume, na kwamba uhakika si kamili. Chini kabisa niliandika jina langu na namba ya simu ya duka. Watu walifika mezani, wakainua mifuko kwenye mwanga, wakatabasamu, wakasoma, wakairudisha. Mmoja alimwambia Papa Anselme kwa huruma kwamba angebakiza lile jina la Mwanza peke yake, pasingekuwa na maswali. Papa Anselme akamwambia maswali ni ya bure.

Hadi alasiri meza nyingine zilikuwa zikikunjwa. Mifuko yetu ishirini ilikuwa ishirini. Nilikuwa nimeanza kuipanga kwenye sanduku, nikisema moyoni kwamba nimeliua jina kwa kuusema ukweli wake, alipokuja mwanamke mmoja mrefu, karani mstaafu, mwenye miwani iliyoning'inia kwenye uzi. Aliivaa, akasoma mfuko mmoja. Akauchukua wa pili, akausoma nao, kana kwamba huenda umeandikwa tofauti.

"Mtunzaji huyu aliyekosea," akauliza, "ni nani?"

"Ni mimi."

Akanitazama juu ya miwani. Nilisubiri lile neno moja, unajuaje, nami nilikuwa na jedwali la miezi mitano mkobani. Hakulisema.

"Nina matangi mawili matupu," akasema. "Nikiona kitu nisichokielewa, nitakupigia."

Akabeba mifuko kumi, mitano kila mkono, akaondoka nayo akiitandaza mbali na mwili wake ili isigongane. Alipiga simu dukani wiki iliyofuata, na wiki iliyofuata hiyo, kwa miaka kumi na minne.